Mama wa Madirisha: Anapoza Kompyuta kwa Upepo wa Kaplong

Saa sita na nusu mchana, Elmina Chepkemboi anapanda ngazi za mbao za kiwanda kidogo cha chai karibu na Kaplong, mkono mmoja umekunja upindo wa sketi na mwingine umeshika ufito mrefu wenye ndoano ya chuma. Akifika juu hasalimii mtu. Anakwenda moja kwa moja hadi dirisha la saba upande wa magharibi, anatazama uzi wa katani uliofungwa kwenye fremu, anaona unavyoyumba, kisha anainua ufito na kusukuma kioo. Upepo unaingia.

Mwisho wa chumba, mhandisi Phelix Obonyo haondoi macho kwenye skrini yake.

"Mama amefungua la saba," anasema kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. "Nyuzi ishirini na tano. Ishirini na nne na nusu. Inashuka."

Elmina hana habari naye. Ameshahamia dirisha la tisa.

Chumba hiki ni kirefu kama kanisa, chenye sakafu ya mbao na madirisha ishirini na manane, kumi na manne kila upande. Katikati zimepangwa kabati ishirini na sita za chuma, nyeusi tititi, na ndani ya kila kabati kuna kompyuta zinazonguruma bila kupumzika. Kwa maneno ya matangazo ya simu, hili ndilo wingu. Ukipiga picha ya ndama wako, simu ikakuambia imeihifadhi kwenye wingu, picha hiyo haikupaa popote. Imekwenda kukaa ndani ya kompyuta ya mtu, kwenye jengo la mtu, na jengo hilo linakula umeme saa ishirini na nne.

Sehemu kubwa ya ulaji huo si kwa ajili ya picha. Ni kwa ajili ya joto. Kompyuta zikifanya kazi hupata moto, na zisipopozwa huungua. Basi huwekwa viyoyozi, viyoyozi navyo hutaka umeme, umeme ukikatika huwashwa jenereta, na jenereta hunywa dizeli na kutapika moshi. Picha ya ndama inaishia kuchafua hewa ambayo ndama mwenyewe anaivuta.

Hapa Kaplong, viyoyozi vinane kati ya tisa vimezimwa tangu Juni. Kazi yao inafanywa na mama wa miaka 56 mwenye ufito, uzi wa katani na masikio mazuri.

Leo, Ijumaa, kuna jambo jingine. Jibu linasubiriwa kutoka Nairobi, na jibu hilo ndilo litakaloamua kama nyumba hii ya kompyuta itaendelea au itafungwa kabla ya Krismasi. Meneja, Ann Wanjuhi, amefungua barua pepe yake mara nne tangu chai ya saa nne. Wafanyakazi wote kumi na wanne wanajifanya wana shughuli nyingi.

"Mimi siangalii simu," asema Elmina. "Nikiangalia simu nani ataangalia upepo?"

Dari hili analijua kuliko anavyolijua jikoni kwake. Aliingia humu mwaka wa 1989, msichana wa miaka ishirini aliyetoka kijiji cha jirani akiwa na sweta moja na viatu vya kuazima. Wakati huo hapakuwa na kompyuta hata ya kuonyesha wageni. Palikuwa na rafu za magunia, rafu juu ya rafu, na juu yake majani mabichi ya chai yaliyotandazwa yanyauke kabla ya kusagwa. Kiwanda hiki kilikuwa miongoni mwa vya mwisho kunyausha majani kwa upepo wa madirisha.

Kunyausha, aeleza Elmina, si kukausha. Jani likikauka limeharibika. Linatakiwa lilegee, ulifinye kiganjani likae kama kitambaa lisivunjike. Ili lifike hapo, hewa lazima ipite kwa kipimo, si nyingi wala si kidogo. Kwa hiyo wasichana wa darini walifundishwa madirisha kabla ya kufundishwa majani. Upepo wa asubuhi unatoka upande wa mto na umebeba ukungu, huo unafungiwa. Upepo wa mchana unatoka magharibi na ni mkavu, huo unakaribishwa. Uzi wa katani ulifungwa kwenye kila fremu ili jicho lione kile ngozi ilichochelewa kuhisi. Ukutani kulikuwa na vipimajoto viwili, kimoja kitupu na kingine kimevishwa utambi wa pamba uliolowa maji, na tofauti baina ya viwili hivyo iliwaambia hewa ina unyevu kiasi gani.

Mwalimu wao alikuwa msimamizi mmoja kutoka Kisii, Ombati, mtu mkali asiyecheka kazini. Aliwafunga wasichana kitambaa machoni na kuwauliza upepo unatoka wapi. Aliyekosa alifagia ngazi wiki nzima.

"Mimi nilifagia hizo ngazi mpaka zikanijua," Elmina asema. "Lakini mwezi wa tatu nilikuwa naweza kutambua upepo nikiwa nimelala."

Mwaka wa 1997 vikaja vihori virefu vya kunyaushia, vyenye feni za umeme, huko chini, na dari likafungwa kwa kufuli. Popo wakalirithi. Elmina akahamishwa chini kugeuza majani kwenye vihori, akafanya kazi hiyo hadi mwaka wa 2018, kiwanda kilipoleta mitambo na kupunguza watu. Alikabidhiwa bahasha na kuambiwa kazi yake haihitajiki tena. Akarudi nyumbani kwa mumewe, Johana, kukamua ng'ombe wawili na kuchuma chai yao ya nusu ekari.

Anaikumbuka miaka hiyo bila kulalamika, ila anakiri ilimchoma. Si njaa iliyomchoma, kwa sababu maziwa yalikuwepo na mursik, maziwa yao ya mgando, haikukosekana kwenye kibuyu. Kilichomuuma ni kupita kando ya kiwanda akienda sokoni na kuona feni zinazunguka vizuri tu bila yeye.

Miaka mitatu iliyopita kampuni ya kuhifadhi data kutoka Nairobi ikalikodisha lile dari. Ilivutiwa na vitu viwili. Kiwanda kina bwawa dogo mtoni linalozalisha umeme wake, na kebo ya intaneti inapita barabarani mita mia mbili kutoka langoni. Popo walifukuzwa, mbao zikapigwa msasa, na madirisha yote ishirini na manane yakapigiliwa misumari na kuzibwa kwa gundi ya mpira hadi hata mdudu asipenye. Vikawekwa viyoyozi tisa. Walipotafuta mtu wa kufagia, Elmina alikuwa wa kwanza kufika langoni. Mshahara ulikuwa Sh12,000 kwa mwezi.

"Nilitaka tu kuona wamefanyia dari langu nini," asema.

Alichokiona kilimshangaza. Nje palikuwa na baridi ya Julai, nyuzi kumi na tatu, watu wanatembea wamejikunyata. Ndani, viyoyozi tisa vilikuwa vinahangaika kutengeneza baridi. Ukuta wa mbao wa inchi moja ndio uliotenganisha baridi ya bure na baridi ya kununua. Alimuuliza Obonyo kwa nini wasifungue dirisha. Mhandisi huyo kijana, aliyekuja kutoka Kisumu na digrii yake bado inanukia wino, alimjibu kwa adabu kwamba mambo si rahisi hivyo. Kuna vumbi, kuna unyevu, kuna masharti ya watengenezaji. Elmina akaitikia na kuendelea kupiga deki.

"Kusema ukweli nilimcheka kidogo moyoni," akiri Obonyo. "Nilidhani mama wa watu anaona hiki ni kibanda cha kuku."

Februari mwaka huu kicheko kiliisha. Mteja mkubwa wa nyumba hii, shirika linalohifadhi picha za eksirei za hospitali na kumbukumbu za wakulima, lilituma waraka kwa kila mahali linapoweka data zake. Lilikuwa limewaahidi wafadhili wake kupunguza uchafuzi. Yeyote anayetaka kubaki nalo apunguze kwa nusu umeme na dizeli ya kupozea kabla mwaka haujaisha, vinginevyo data zitahamishwa.

Wanjuhi aliwaita wafanyakazi wote akawaambia bila kuzungusha maneno. Katika kila uniti mia za umeme zilizopanda ngazi hizi, thelathini na nane zilikwenda kwenye viyoyozi. Jenereta lilikunywa lita mia saba za dizeli kwa mwezi. Bila mteja huyu, nyumba haina faida, na makao makuu yataifunga.

Elmina alisikia hayo akiwa amesimama nyuma na ndoo yake. Alimfikiria Winny, kitinda mimba wake, aliyekuwa amebakisha mwaka mmoja na nusu Chuo Kikuu cha Kabianga. Akafikiria pia popo. Hakutaka warudi.

Mambo yalichemka Machi. Kiangazi kilikuwa kikali, mto ulishuka, bwawa likakosa nguvu, na umeme ukakatika saa saba mchana. Jenereta likakohoa mara tatu na kukataa kuwaka. Kompyuta ziliendelea kwa betri, lakini viyoyozi havikuwa na betri. Kengele zikaanza kulia. Nyuzi thelathini. Thelathini na tatu. Obonyo alikuwa ameshika simu mbili, anazungumza na Nairobi kwenye moja na fundi wa jenereta kwenye nyingine, na hakuna aliyemsaidia.

Elmina aliweka kifagio chini. Alishuka hadi karakana ya seremala wa kiwanda, Zacheus, akachukua nyundo ya kung'olea misumari bila kuaga, akapanda tena. Alianza na dirisha la saba, upande wa magharibi. Misumari minne, gundi, fremu. Kisha la tisa. Kisha mawili upande wa pili ili hewa ipate pa kutokea.

"Sikuuliza mtu," asema. "Ningeuliza, tungekuwa tunaongea mpaka saa hii."

Joto lilikuwa limefika nyuzi thelathini na nane. Dakika kumi na mbili baadaye lilikuwa ishirini na saba. Wanjuhi alipanda mbio na kumkuta mfagizi wake amesimama katikati ya chumba, nyundo mkononi, jasho linamtoka, na upepo unapeperusha karatasi za Obonyo. Kisha meneja akauliza ni nani aliyemfundisha, na Elmina akamsimulia habari za magunia, uzi wa katani na Ombati.

Jioni hiyo walikata kauli. Elmina alipewa kabati nane za mwisho na siku thelathini. Kama kabati hizo zingekaa salama bila kiyoyozi, wangejaribu chumba kizima. Kama zingeharibika, madirisha yangezibwa tena na wangesubiri Desemba nyumba ifungwe.

Siku tano zilikwenda vizuri hata akaanza kutembea kwa maringo. Johana, mumewe, asema alikuwa akirudi nyumbani anawaambia ng'ombe wageuke upande gani ili wapate hewa.

Siku ya sita mambo yakaenda tenge. Asubuhi ilikuwa na ubaridi wa kupita kiasi na ukungu mzito, naye akakumbuka desturi ya zamani. Siku za ukungu, wasichana wa darini walifungua madirisha ya mwisho, yaliyo upande wa kaskazini, kwa kuwa huko ndiko vilikokuwa vikaushio, na hewa yao ya moto na kavu ilipanda na kuliokoa jani. Akafungua matatu. Hewa ilikuja kweli, vuguvugu na kavu, na utambi wa pamba ukamthibitishia. Aliondoka akijipongeza.

Alichosahau ni kwamba tangu mwaka wa 1997 vikaushio vilihamishiwa upande wa pili. Kaskazini sasa kuna chumba cha kuchambulia chai, na chai ikichambuliwa hutoa manyoya laini ya hudhurungi yanayoelea kama pamba. Watu wa chini huyapumua kila siku hata hawayaoni tena. Ilipofika saa tano kompyuta mbili zilizimika. Obonyo alifungua moja na kukuta feni zake zimeota ndevu.

Chumba kizima kilinukia chai ya rangi.

Hakuna data iliyopotea, kwa kuwa kila kitu hapa kina nakala mahali pengine. Lakini mashine mbili zilikuwa zimekufa, na Obonyo, kwa mara ya kwanza, hakumwita Mama. Alimwita madam. Elmina asema neno hilo lilimkata kuliko angetukanwa. Alishuka zile ngazi akiona kila mtu anamtazama, akaenda nyumbani akakaa kando ya zizi, akalia. Miaka ishirini na tisa amefanya kazi kwenye kiwanda kimoja, na amesahau chumba cha kuchambulia kiko wapi.

"Niliona haya sana," asema, na sasa hacheki. "Nikaambia Johana mimi sirudi. Nimepotezea watu kumi na watatu kazi kwa sababu ya kujua sana."

Johana si mtu wa maneno mengi. Alimwuliza tu walipokuwa wasichana walifanya nini manyoya yakiwajaa. Akajibu kwamba walijifunga vitambaa puani. Johana akainuka kwenda kuwafungulia ng'ombe.

Siku iliyofuata Elmina alijifunga kibwebwe. Aliomba kiwandani vipande vya wavu wa nailoni unaotandikwa kwenye vihori vya kunyaushia, wavu uliochakaa ambao ulikuwa umekwisha kutupwa. Alivikata kwa ukubwa wa madirisha, akashonea nyuma yake kitambaa cha mifuko ya unga, safu mbili, na Zacheus akavipigia fremu za mbao zinazochomoka. Kisha akamwendea msimamizi wa uchambuzi, Sagini, na kumwomba kitu kimoja: kabla hajawasha mashine zake agonge kipande cha reli kinachoning'inia mlangoni, mara tatu, ili yeye awahi kufunga madirisha ya upande huo. Sagini alikubali kwa sharti la kuletewa mursik kila mwisho wa mwezi, na sharti hilo linatekelezwa hadi leo.

Obonyo naye hakukaa bure. Alileta chombo cha kuhesabu vumbi, akapima hewa iliyopita kwenye vitambaa vya mifuko ya unga, akapima tena kwa kuwa hakuamini, halafu akaagiza chujio moja jembamba la dukani la kuweka nyuma yake. Kwa wavu, kitambaa na chujio hilo, vumbi lilishuka chini ya kiwango cha masharti. Kila Jumamosi Elmina huvifua vile vitambaa na kuvianika nyuma ya kiwanda, na maji ya kufulia ni ya mvua kutoka kwenye paa.

"Nilimwomba msamaha," asema Obonyo. "Akaniambia niache kuongea nishike upande ule mwingine wa fremu."

Siku thelathini zilipita bila kabati kulalamika. Kufikia Juni madirisha yote yalikuwa wazi na kiyoyozi kimoja tu kilibaki, cha kusaidia mchana wa joto kali. Ukungu ukizidi, wanafunga na kuacha joto la kompyuta zenyewe lizunguke ndani na kuikausha hewa, kisha litoke taratibu kwenye matundu ya kileleni mwa paa. Cheo cha Elmina kilibadilika kuwa msimamizi wa hewa na mshahara ukapanda hadi Sh26,500. Katika kila uniti mia za umeme, nane tu ndizo zinazotumika kupozea sasa. Dizeli imeshuka kutoka lita mia saba hadi tisini.

Hata hivyo mteja hakutaka kuambiwa. Alitaka kuona. Oktoba akamtuma mkaguzi, Steve Githaiga, mtu mpole mwenye miwani, ambaye alikaa siku tatu darini na daftari lake. Siku ya kwanza aliandika tu. Siku ya pili, saa nane mchana, jua likiwa linawaka, Elmina alisimama ghafla katikati ya sentensi, akachukua ufito na kuanza kufunga madirisha mbiombio. Mkaguzi alitazama nje, akaona anga la buluu upande wake, akaandika jambo.

Alikuwa bado anaandika mvua ya mawe ilipoangukia paa kwa kishindo. Madirisha ishirini na sita yalikuwa yameshafungwa. Mawili ya mwisho aliyafunga Obonyo, mawe yakimpiga vidoleni.

Baadaye mkaguzi aliuliza ni chombo gani kilichompa Elmina habari hiyo. Elmina alimweleza kwamba upande wa Sotik kuna nyumba za wafanyakazi zenye mabati. Mvua ya mawe ikija kutoka huko hupiga mabati hayo kwanza, na mtu mwenye sikio ana dakika nne.

"Aliandika hiyo pia," Elmina asema. "Sasa sijui aliandika ni vizuri ama ni vibaya."

Ndiyo sababu Ijumaa hii ina uzito. Saa tisa kasorobo, Wanjuhi anatoka ofisini kwake akiwa ameshika simu. Watu wanajisogeza. Sagini amepanda kutoka chini na manyoya ya chai bado yamemng'ang'ania kwenye nyusi, na hakuna anayekumbuka kumfukuza. Elmina hajaweka ufito chini.

Meneja anasoma kwa sauti. Shirika limeridhika na kiwango cha umeme na dizeli. Mkataba unaongezwa kwa miaka mitano. Hapo kelele zinaanza, Zacheus anampiga Obonyo mgongoni, na Wanjuhi anainua mkono kuwanyamazisha, kwa kuwa barua haijaisha.

"Mkaguzi amepata kasoro moja kubwa," anasoma. "Kazi yote ya hewa katika nyumba hii inamtegemea mfanyakazi mmoja, Bi. Elmina Chepkemboi, na hakuna wa pili wake. Kampuni irekebishe jambo hili ndani ya miezi sita."

Elmina anaegemea ukuta. "Hebu soma tena, madam," anasema. "Hapo kwa kasoro."

Wanjuhi anasoma tena, polepole, jina lote. Mama huyo anacheka, halafu kicheko kinageuka, na anajifuta macho kwa ncha ya aproni bila kuona haya. "Kongoi," anasema, asante ya Kikipsigis, ingawa haijulikani anamshukuru nani kati ya waliopo.

Ana mipango, na ameiweka kichwani muda mrefu. Kampuni imesikia kwamba kuna kiwanda kingine upande wa Bomet chenye dari kama hili, limefungwa kwa kufuli, na Wanjuhi ameahidi kwamba wiki ijayo wataenda kulitazama pamoja. Elmina anataka kuwaita wanawake wanne waliokuwa wakitandaza majani naye zamani, ambao sasa wako nyumbani. Wawili wana miaka zaidi ya sitini, lakini anasema upepo hauangalii kitambulisho. Anataka kila dari la chai lililolala katika nchi hii ya milima lipate kazi, na kila dirisha lipate mtu anayelijua. Winny naye ameanza kuandika yote anayosema mama yake, mama apende asipende.

Lakini wa kwanza kufundishwa lazima apatikane hapa hapa. Obonyo anajitokeza mwenyewe, anasema yeye amemaliza digrii, madirisha hayawezi kumshinda.

Elmina anamtazama kuanzia viatuni hadi kichwani. Anavua leso yake, anamfunga nayo machoni mbele ya watu wote, anamzungusha mara mbili na kumwuliza upepo unatoka wapi. Mhandisi ananyoosha shingo. Ananusa. Ananyoosha mkono, kwa uhakika kabisa, akielekeza kwenye feni ya kabati namba nne.

Darini wanavunjika mbavu. Elmina anasubiri wamalize, kisha anamgeukia meneja.

"Andikia hao watu wa Nairobi," anasema. "Waambie kasoro tumeiona. Lakini miezi sita kwa huyu ni kidogo, waongeze."